Deni Usilolikopa, Usilipe Hata Dola Moja

Mwezi huu tunaongea habari inayoingia kambini kwa njia ya simu. Ndugu zetu waliofika Marekani kabla safari hazijasimamishwa Januari 2025 wanatueleza kwamba kuna watu wanawadai. Wanadaiwa simu ambayo hawajawahi kuishika, au umeme wa nyumba wasiyoijua, tena katika mji ambao hawajafika. Mdai anapiga asubuhi, anapiga jioni, anatisha.

Sisi huku tunawajibu vile tulivyolelewa: dawa ya deni ni kulipa. Toa kidogo kidogo upate amani. Kwa deni la sukari dukani kwa jirani, sawa kabisa. Kwa deni la kuibiwa jina, ushauri huo unamwumiza ndugu yako. Ukilipa hata dola 10, mdai atasema: si umekubali kwamba ni lako? Na katika majimbo mengi malipo madogo tu yanaweza kuanzisha upya muda ambao mdai anaruhusiwa kukushtaki.

Wizi wenyewe unakuwaje? Kila anayefika kule hupewa namba ya tarakimu tisa, wenyewe wanaiita soshal. Mwenye namba hiyo, jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa anaweza kufungua laini ya simu au kuchukua kadi ya mkopo kwa jina lako. Halipi. Kampuni inachoka kungoja, inauza deni au inalikabidhi kwa wakusanya madeni, na hao wanamtafuta mwenye jina. Mara nyingine hakuna hata mwizi. Wengi wetu tumeandikwa tumezaliwa tarehe 1 Januari, majina yanafanana, basi deni la mmoja linamwangukia mwingine.

Ila kuna deni moja la kweli, na wengi wanalichanganya na haya. Ni nauli ya ndege. Kabla ya kusafiri mkubwa wa familia aliweka saini kwa IOM kwamba watarudisha nauli kidogo kidogo, bila riba. Hilo si wizi, lilipwe. Mtu akipiga simu akisema "lile deni lako", ndugu yako asidhani moja kwa moja ni la ndege. Aulize: deni gani, la nani, la lini?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inamlinda mdaiwa. Mkusanya madeni hatakiwi kupiga kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku. Haruhusiwi kutisha kwamba atakufunga, na deni la simu au la kadi si kosa la kupeleka mtu jela. Anatakiwa kukupa maelezo ya deni kwa maandishi ndani ya siku tano tangu alipokutafuta mara ya kwanza, kama hakukupa siku ileile. Ukishayapata una siku 30 za kukana kwa maandishi. Ukikana ndani ya muda huo, lazima asimamishe kudai mpaka akuletee uthibitisho. Kukana kwa mdomo kwenye simu hakukupi haki hiyo. Sisi watu wa maneno tunasahau karatasi, na hapo ndipo wengi wanapopotezea siku zao 30.

Barua haina ufundi, mtoto aliyesoma kule ataiandika kwa Kiingereza: "Deni hili si langu. Sikufungua akaunti hii, nimeibiwa utambulisho. Nitumieni nakala za karatasi zilizotumika kuifungua. Acheni kunidai." Itumwe posta kwa njia ya kupewa risiti, na nakala ibaki nyumbani.

Pamoja na barua, atoe taarifa ya wizi kwenye IdentityTheft.gov, ya tume ya serikali inayoitwa FTC. Taarifa hiyo, pamoja na uthibitisho wa yeye ni nani, aipeleke kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazoandika nani analipa na nani halipi. Zikiikubali zinatakiwa kuzuia deni hilo lisionekane kwenye jina lake ndani ya siku nne za kazi. Pia aziombe zifunge faili lake ili asiyejulikana asikope tena. Tangu Septemba 2018 kufunga ni bure, hata kwa watoto walio chini ya miaka 16.

Sasa lile gumu. Kuna wakati mwizi anajulikana: ni shemeji, ni mtoto wa kaka, aliyekatiwa umeme akatumia soshal ya mtoto mdogo. Familia inasema tusimpeleke ndugu kwa serikali. Tunaelewa. Lakini taarifa ile hutolewa kwa kiapo, na kudanganya ndani yake ni kosa. Basi kaeni kikao, wazee wa huku wakiwa kwenye simu, na aliyetumia jina alipe deni lote yeye mwenyewe, kwa jina lake. Kama hataki, mwenye jina atoe taarifa. Mtoto hana kosa, na akikua akaenda kupanga nyumba atakuta jina lake limechafuka. Na hizo siku 30 hazingoji kikao. Barua iende kwanza.

Ikija karatasi ya mahakama, isitupwe. Asiyejibu hushindwa bila kusikilizwa, na mshahara wake unaweza kukatwa. Ajibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, aende akiwa na nakala zake. Ofisi za msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo zipo, aliyempokea alipofika anaweza kumwelekeza.

Na sisi huku tusijifanye hayatuhusu. Ndugu akifika tu tunamwomba picha ya kadi zake, kwa furaha, tuonyeshe majirani. Picha zinakaa kwenye simu, simu inapelekwa kuchajiwa kibandani, inaazimwa, inauzwa na picha zake ndani. Wengine wanampa mtu wa kujaza fomu zote na namba zote. Leo jioni fungueni simu zenu, tafuteni picha hizo, muzifute, na kwenye meseji za zamani pia.