Bunia: Ngoma jukwaani isigeuke vita kwenye picha

Mjini Bunia jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halikawii kuingia. Tamasha la ngoma lililotangazwa kuanza mchana likichelewa, humalizikia chini ya taa mbili tatu zinazowashwa kwa jenereta. Ukumbi umejaa, wachezaji wamepamba moto. Mpiga picha anatazama kioo cha kamera yake na kuona kivuli tu: mtu asiye na uso, mkono umeinuliwa, mkuki mkononi.

Kwingineko hiyo ingekuwa picha mbaya tu ya kufutwa. Huko Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaweza kuleta balaa. Zipo ngoma za asili zinazochezwa kwa mikuki, fimbo au pinde. Picha ikikatwa pembeni hadi jukwaa likatoweka, kisha ikasambazwa kwa WhatsApp bila maelezo, mchezaji anaweza kudhaniwa kuwa mpiganaji, na jamii yake ikadhaniwa inajiandaa kushambulia.

Hofu hiyo si ya bure. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003, vilivyohusisha zaidi makundi yenye silaha ya Wahema na Walendu, vinakadiriwa kuua watu zaidi ya 50,000. Mei 2021 serikali iliiweka Ituri, pamoja na Kivu Kaskazini, chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya mashambulizi ya makundi kama CODECO na ADF.

Wakazi wa Bunia wanajua pia uzito wa picha mbele ya sheria. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipomtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwatumia watoto kama askari, video iliyopigwa Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, ilikuwa miongoni mwa ushahidi uliotegemewa na majaji.

Basi kwa mpiga picha za ngoma, kuufanya uso wa mchezaji uonekane ni kueleza ukweli: kwamba huyu anacheza, tena anacheka.

Wengi hukimbilia flashi. Kongo ina mfano mkubwa wa matumizi yake: Jean Depara, mzaliwa wa Angola, ambaye katika miaka ya 1950 na 1960 alizunguka baa za Léopoldville, Kinshasa ya leo, akipiga picha za wanamuziki na wacheza rumba usiku. Lakini watu wa Depara walikuwa kwenye starehe zao, na wengi walifurahi kusimama mbele ya kamera. Jukwaani mambo ni tofauti. Flashi humpiga mchezaji machoni katikati ya mruko, huwasumbua watazamaji, na huifuta rangi ya taa zilizowekwa jukwaani. Kutoka nyuma ya ukumbi haisaidii kitu, kwa kuwa mwanga wake hufifia upesi kadiri umbali unavyoongezeka.

Njia nyingine ni kuufuata mwanga uliopo. Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, huingiza mwanga mara kadhaa zaidi ya lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera. Uwezo wa kamera kuhisi mwanga, yaani ISO, unaweza kupandishwa hadi 3200 au 6400. Picha itakuwa na chengachenga, lakini ni afadhali chenga kuliko uso uliovurugika. Kwa hatua za polepole, kasi ya 1/125 ya sekunde inaweza kutosha. Kwa miruko inahitajika 1/250 au zaidi.

Kasi ikikosekana, sikio husaidia. Mchezaji anayeruka hufika mahali pa juu kabisa ambapo mwili, kwa nukta ndogo, haupandi wala haushuki. Hapo hata kasi ndogo humnasa. Anayeujua mdundo huufuata na kubonyeza kabla kidogo ya kilele, kwa hiyo aliyehudhuria mazoezi ana nafasi nzuri kuliko aliyefika usiku wa onyesho tu.

Kipimo cha mwanga cha kamera nacho hudanganyika. Kimetengenezwa kikiamini kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Pazia jeusi likijaa kwenye picha, hukiongezea mwanga kile kisichohitaji, na uso ulio chini ya taa huungua ukawa mweupe. Taa kali ikiwa nyuma ya mchezaji, uso wake mweusi huzama gizani. Dawa ni kupima mwanga usoni kwenyewe, kisha kurekebisha kwa mkono. Taa za LED za bei rahisi zina mtego mwingine: hupepesa bila jicho kuona, na kamera yenye kasi kubwa huacha mistari myeusi kwenye picha. Kushusha kasi hadi 1/100 mara nyingi huiondoa.

Wenye simu pekee hawajaachwa nje. Jambo la kwanza ni kuzima hali ya usiku, kwa sababu huunganisha picha kadhaa za mfululizo, na mchezaji anayesogea hutoka kama mzimu. La pili ni kusogea karibu badala ya kuvuta picha kwa vidole.

Hata hivyo, mwanga peke yake hautoshi. Kila anapopata picha ya karibu ya mchezaji mwenye mkuki, mpiga picha anapaswa kupata nyingine pana inayoonyesha ukingo wa jukwaa, wapiga ngoma na watoto waliokaa mbele. Maelezo ya picha yataje jina la ngoma, kundi, ukumbi na tarehe, kama kundi lenyewe linavyojitambulisha, bila kukisia kabila la mtu kwa sura au mavazi. Ruhusa ya waandaaji iombwe mapema, na kamera isielekezwe kwa askari wanaolinda lango.

Onyesho likiisha, wachezaji humzunguka mpiga picha wakitaka kujiona. Hapo ndipo pa kuwauliza ipi isambazwe na ipi ibaki. Yule aliyeonekana kama kivuli chenye mkuki atasema mwenyewe, kabla picha haijatoka ukumbini.