Kijiti cha Kibla

Wajukuu zangu, jana niliuliza kibla kiko wapi, na mmoja wenu akanijibu mbio: mashariki! Simtaji. Hata watu wazima husema hivyo, kwa kuwa wamesikia kwa wengine. Basi twendeni uani.

Chomekeni kijiti wima mchangani. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, jua hupita juu kabisa ya Kaaba kule Makka, saa 6:18 mchana. Saa yao na yetu ni moja, kwa hiyo hapa Unguja nako ni saa 6:18. Wakati huo mtu wa Makka anakikanyaga kivuli chake. Kijiti chetu kina kivuli kifupi, kama nusu ya urefu wake, kimelalia kusini. Kipeni kivuli mgongo: mbele yenu ndiko Kaaba iliko. Kaskazini! Aliyekosa Mei angoje tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27.

Unguja, Mombasa na Makka zimekaa karibu mstari mmoja. Ndiyo maana mzee wa pwani akisema "upande wa kibla", huenda anamaanisha kaskazini tu, wala hazungumzii swala. Lakini jamaa zetu wa Maskati huelekea magharibi.

Tena kibla kiliwahi kubadilika. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, Waislamu waliswali kwa miezi 16 au 17 wakielekea Baitul Maqdisi, Jerusalemu. Moyo wake ulikuwa kwenye Kaaba, nyumba aliyoijenga Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili. Akawa akiinua uso mbinguni, akingoja. Mwaka 624 amri ikashuka.

Sasa fikirini Quba, pembezoni mwa Madina. Ni alfajiri, watu wamo ndani ya swala, nyuso kaskazini. Akaja mtu akawapa habari: usiku huu Mtume ameamrishwa kuelekea Kaaba. Na kutoka Madina, Kaaba iko kusini! Hawakuikata swala. Waligeuka palepale, wakaendelea. Mimi huwafikiria wa safu ya nyuma, waliochelewa kuamka labda, wakajikuta wa mbele. Na imamu naye, ilibidi awapite watu wote.

Wako waliobeza: mbona hawa wanageuka-geuka? Wakajibiwa kwamba mashariki na magharibi zote ni za Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo akikuuliza rafiki yako kama tunaiabudu ile nyumba, mwambie hapana. Tunamwabudu aliyetuamuru tuielekee, sote pamoja, aliyeko Kigoma na aliyeko Jakarta.

Naona mdogo wenu amenyoosha mkono. Anauliza: je, aliye ndani ya Kaaba anaelekea wapi?

Ukuta wowote aupendao, mjukuu wangu.