Nyakati za Kumbukumbu katika Kompyuta Yenye Biosi Iliyofungwa

Kipalapala, nje ya mji wa Tabora, inafahamika kwa seminari yake kuu na kwa uchapaji wa vitabu vya Kiswahili. Mhariri au mwanafunzi wa mahali kama hapo anaponunua kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika ng'ambo, mara nyingi hukuta Biosi isiyomruhusu kubadili nyakati za kumbukumbu. Makala haya yanafafanua maana ya kizuizi hicho kwa mnunuzi wa RAM.

Kila kipande cha RAM hubeba chipu ndogo iitwayo SPD, inayohifadhi kasi na nyakati zake. Kompyuta inapowashwa, Biosi huisoma chipu hiyo na kujipanga. Kipande cha DDR4 kinachouzwa kwa kasi ya 3200 na CL16, yaani mizunguko 16 ya saa ya kusubiri data, kwa kawaida hufikia kiwango hicho kwa wasifu wa XMP tu. Biosi iliyofungwa huupuuza wasifu huo na kufuata viwango vya JEDEC, kwa mfano 2133 na CL15. Muda wa kusubiri huongezeka kutoka nanosekunde 10 hadi takribani 14, na fedha ya ziada huwa imepotea.

Hivyo basi, mnunuzi hana budi kuchunguza kasi ya JEDEC pamoja na kikomo cha kichakato chake. Aidha, vipande viwili vinavyolingana, vikiwekwa katika njia mbili tofauti, huongeza maradufu upana wa njia ya data bila kuigusa Biosi. Kuiandika upya SPD kwa programu si suluhisho salama: kosa dogo laweza kuizuia kompyuta isiwake.