KAWIA UFIKE: ADABU YA MALORI KUPITANA NA KUPISHANA MILIMANI

Mazao ya mkulima hayajafika sokoni siku yanapopimwa katika mizani ya chama. Baada ya kupimwa, kushonewa magunia na kuandikiwa hati, hubaki safari. Na katika safari hiyo jasho la mwaka mzima la wanachama hukabidhiwa watu wawili tu, yaani dereva na utingo wake. Kwa vyama vingi vya Nyanda za Juu Kusini, safari hiyo haina budi kupitia mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mahindi, chai, viazi na mbao huuteremka mlima huo kwenda pwani. Mbolea, mafuta na saruji huupanda kwenda mashambani. Hali kadhalika, pamba ya upande wa Igunga ikisafirishwa kwenda Dar es Salaam hupanda mlima wa Sekenke kabla ya kuufikia mji wa Singida.

Katika milima ya namna hiyo barabara hupanda kwa kona nyingi, mwamba ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Dereva hawezi kuona mbali, wala hana mahali pa kukimbilia akikosea. Kwa sababu hiyo yafaa makatibu na wanachama waelewe jinsi malori yanavyopaswa kupitana, yaani moja kulitangulia jingine liendalo upande uleule, na jinsi yanavyopaswa kupishana, yaani moja likipanda na jingine likiteremka. Mambo hayo si ya madereva peke yao. Kama itakavyoelezwa, makosa mengi yanayotendeka mlimani huanzia katika ofisi ya chama.

Kwa nini dereva hutamani kupita

Lori lenye mzigo mzito likianza kupanda hupoteza mwendo upesi, na likiisha kuupoteza haliurudishi mpaka mlima uishe. Dereva hubadili gia kushuka chini, moja baada ya nyingine, hadi injini ipate nguvu ya kuvuta. Akilazimika kusimama katikati ya mlima, kuondoka tena ni kazi ngumu: klachi huungua, magurudumu huteleza kama barabara ina maji, na gari huweza kurudi nyuma na kuligonga lililo nyuma yake. Kwa hiyo dereva anayemkuta mbele yake mwenzake aendaye polepole zaidi huona kwamba akimfuata atapoteza mwendo, na akimpita atauokoa. Tamaa hiyo ina sababu inayoeleweka, na dereva anayeshikwa nayo si lazima awe mkaidi. Pamoja na hayo, sababu inayoeleweka haimzuii mtu kufa.

Hesabu ya kupita

Ichukuliwe kwamba lori la mbele linapanda kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, na la nyuma laweza kupanda kwa kilomita 27. Kila moja lina urefu wa mita 16. Lile la nyuma huanza kutoka likiwa mita 14 nyuma ya mwenzake, na hurudi kushoto likiisha kumwacha mita 14. Jumla ya urefu wa kuvuka ni mita 60. Tofauti ya mwendo wa malori hayo ni kilomita 9 kwa saa, yaani mita 2 na nusu kwa sekunde. Mita 60 zikigawanywa kwa mbili na nusu, jibu ni sekunde 24.

Katika sekunde hizo 24, lori linalopita litatembea mita 180 likiwa upande usio wake. Ikiwa gari jingine linateremka kwa mwendo wa kilomita 54 kwa saa, ambao watu wengi huuona kuwa wa kawaida tu, nalo litatembea mita 360. Ndiyo kusema kwamba dereva anayetaka kupita hana budi kuona barabara tupu isiyopungua mita 540 mbele yake kabla hajatoka, bila kuhesabu nafasi ya kujihadhari. Katika mlima wenye kona nyingi, ni nadra kupata mahali panapoonekana kwa umbali huo. Zaidi ya hayo, anayeteremka na mzigo hawezi kusimama ghafla hata akimwona mwenzake mapema.

Sasa itazamwe faida yake. Mlima wenye urefu wa kilomita 6 ukipandwa wote kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, huchukua dakika 20. Ukipandwa kwa kilomita 27, huchukua dakika 13 na sekunde chache. Anayepita, basi, huokoa muda usiofika dakika 7, katika safari ya saa nyingi, na huenda akazipoteza zote katika foleni ya mizani ya barabarani.

Wajibu wa anayepita

Anayepita ndiye mwenye wajibu wa kwanza. Asipite kwenye kona, wala karibu na kilele, wala kwenye daraja, wala palipochorwa mstari mweupe usiokatika. Asilisogelee mno lori la mbele, kwa kuwa akiwa karibu sana haoni kitu ila bodi lake, na dereva wa mbele naye hamwoni katika kioo. Aonyeshe nia yake mapema kwa indiketa, na usiku kwa kuwasha taa mara moja au mbili. Ikiwa kuna gari nyuma yake ambalo limekwisha kutoka, na asubiri. Ikiwa mbele yako malori matatu yaliyofuatana bila nafasi, hesabu iliyoelezwa hapo juu yazidi mno, na mwenye busara hubaki alipo.

Wajibu wa anayepitwa

Anayepitwa naye ana adabu yake. Ashike upande wa kushoto na asiongeze mwendo. Dereva anayekanyaga mafuta pale mwenzake anapokuwa sambamba naye hutenda kosa kubwa, maana humfungia njia mtu aliyekwisha kujitoa. Akiona kwamba mwenzake amekosea hesabu na gari linakuja, apunguze mwendo mara moja ili mwenzake arudi upesi. Hapo si wakati wa kumfundisha mtu adabu. Mafunzo yangoje chini ya mlima.

Vilevile, mwenye gari zito linaloburuta foleni ndefu afanyapo jema ni kuingia kando mahali penye nafasi na udongo mgumu, akaacha wengine wapite. Malori mawili ya chama kimoja yakisafiri pamoja yasiongozane kwa kubanana. Yaachiane nafasi inayoweza kuingia gari moja au mawili, ili anayepita apate mahali pa kupumzikia kati yao.

Lugha ya indiketa

Madereva wa Afrika Mashariki wana lugha yao ya taa. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, huwa linamwambia aliye nyuma kwamba njia ni nyeupe, apite. Likiwasha ya kulia, humwambia asitoke, kuna gari linakuja. Usiku, dereva anayekutana na mwenzake huwasha indiketa ya kulia kuonyesha mahali ubavu wa gari lake unapoishia. Desturi hii ni ya wema na imeokoa wengi.

Lakini yafaa ieleweke kwamba desturi hii ina hatari yake. Kisheria, indiketa humaanisha kwamba gari linaelekea upande huo. Kwa hiyo taa ya kushoto yaweza kuwa na maana ya “pita”, na yaweza kuwa na maana ya “nasimama”. Taa ya kulia yaweza kusema “usije”, na yaweza kusema “nami napita aliye mbele yangu”. Tena, dereva wa mbele humpimia yule aliye nyuma yake tu. Hajui kwamba nyuma ya huyo kuna mwingine wa tatu ambaye naye ameiona taa ileile na kuifuata. Ishara hiyo ichukuliwe kuwa habari, isichukuliwe kuwa ruhusa. Anayepita lazima aone kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu likitokea la kutokea, lawama itakuwa juu yake na si juu ya aliyewasha taa.

Nani ampishe mwenzake

Malori mawili yanapokutana mahali pembamba, mmoja akipanda na mwingine akiteremka, anayeteremka ndiye anayempisha anayepanda. Kanuni hiyo imo pia katika Mkataba wa Kimataifa kuhusu mwendo wa barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968. Sababu yake imekwisha kuonekana: anayepanda akisimama, huenda asiweze kuondoka tena. Mkataba huo unaacha nafasi pale ambapo anayepanda ana mahali pa kuegesha mbele yake, na pale ambapo ni rahisi zaidi yeye kurudi nyuma. Shabaha ni kwamba ampishe yule aliye na wepesi wa kufanya hivyo.

Hata hivyo, haki ya anayepanda haimfai kitu iwapo anayeteremka hana breki. Ndiyo maana adabu ya kupishana huanzia kileleni. Dereva mwenye mzigo na aingie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ileile ambayo angeitumia kuupanda mlima huo, ili injini ilishike gari. Asitegemee kanyagio la breki peke yake. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu, na zikipampuliwa ovyo upepo huisha katika mitungi. Kuliacha gari literemke bila gia kwa ajili ya kuokoa mafuta ni kosa lisilo na udhuru; mafuta yanayookolewa hayafiki hata thamani ya gunia moja la mahindi.

Gari lililoharibika

Lori likifa mlimani, utingo ashuke mara moja na kuweka vigingi nyuma ya magurudumu. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali, kabla ya kona, ili anayekuja azione mapema. Wengi huweka matawi ya miti, na matawi ni bora kuliko kutoweka kitu, ingawa usiku hayaonekani vizuri. Gari likiisha kutengenezwa, matawi yaondolewe, na mawe yaliyowekwa kwenye magurudumu yaondolewe pia. Jiwe linaloachwa katikati ya barabara humsubiri mwendesha pikipiki wa usiku.

Haraka huanzia ghalani

Inabaki sehemu ya chama. Mzigo unaochelewa kupakiwa hadi jioni, kisha ukatakiwa kufika asubuhi, umekwisha kumsukuma dereva apite kwenye kona. Malipo yanayohesabiwa kwa idadi ya safari humsukuma vilevile. Na katibu anayepiga simu kila nusu saa kuuliza “umefika wapi?” humtoa dereva mikono kwenye usukani mahali ambapo anahitaji yote miwili. Kwa hiyo bodi na makatibu wanashauriwa yafuatayo:

1. Mzigo upakiwe mapema, na safari ipangwe ili mlima upitwe mchana.

2. Uzito usizidi ule ulioruhusiwa kwa gari husika. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaweka kikomo cha jumla cha tani 56, na magari yenye ekseli chache yana vikomo vya chini zaidi.

3. Kabla ya kutoa hati ya kuondoka, katibu ahakikishe kwamba breki, taa zote, indiketa na vioo vimekaguliwa, na kwamba vigingi na pembetatu vimo ndani ya gari.

4. Posho ya dereva isifungwe na saa ya kufika.

5. Mtu yeyote asipandishwe juu ya magunia, hata akiwa mwanachama.

6. Iangaliwe bima ya mzigo wenyewe. Bima ya lazima ya gari hulipa madai ya watu wengine. Hailipi mahindi yaliyomwagika korongoni.

7. Lori likiwa la kukodi, masharti haya yaandikwe katika mkataba, kwa kuwa mali ni ya wanachama hata gari likiwa la mtu mwingine.

Lori moja lenye tani 30 hubeba magunia 300 ya kilo 100. Ikiwa kila mwanachama alileta magunia matano, basi ndani ya lori hilo zimo kaya 60: ada za shule, mbegu za msimu ujao, na deni la pembejeo ambalo chama kinadaiwa. Mbele ya magunia hayo wameketi watu wawili wenye familia zao. Katibu anapotia sahihi hati ya kuondoka, hana budi kuyakumbuka hayo yote. Na neno lake la mwisho kwa dereva lisiwe “wahi”, bali liwe lile walilotuachia wazee: kawia ufike.