STENTI KATIKA MISHIPA YA MOYO: MATATIZO YAKE NA WAJIBU WA MGONJWA

Wananchi wengi wamesikia habari za wagonjwa waliowekewa stenti katika moyo, na baadhi yao wamekwisha kurejea vijijini mwao wakiwa nayo. Stenti ni kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachowekwa ndani ya mshipa unaolisha moyo, mahali palipozibwa na mafuta, ili damu ipite. Iliwekwa kwa mara ya kwanza katika mshipa wa moyo wa binadamu mwaka 1986 na Dkt. Jacques Puel, mjini Toulouse, Ufaransa. Nchini Tanzania huduma hiyo hutolewa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Kifua hakipasuliwi. Daktari hupenyeza waya mwembamba kupitia mshipa wa mkono au wa kinena, mgonjwa akiwa macho, na njia hufuatwa kwa picha za eksirei. Puto dogo lililobeba stenti hufikishwa penye kizuizi na kutunishwa. Stenti hutanuka, puto hutolewa, na stenti hubaki humo maisha.

Ni haki ya mgonjwa kuelezwa kabla ya kutia saini kwamba kazi hiyo ina hatari zake. Utando wa ndani wa mshipa waweza kuchanika, na hapo huongezwa stenti ya pili ili kuubana. Mara chache stenti huchomoka kwenye puto, ikalazimu kunaswa kwa kitanzi cha waya. Tatizo la kutisha zaidi ni mshipa kutoboka, damu ikavuja katika mfuko unaozunguka moyo na kuubana moyo usiweze kupiga. Daktari hulitunisha tena puto papo hapo ili kuziba tundu. Kisha huweza kuweka stenti iliyovikwa utando, na damu iliyokusanyika huvutwa kwa sindano. Hayo yakishindikana, ndipo mgonjwa hufunguliwa kifua.

Hayo yote ni kazi ya madaktari. Liko tatizo jingine ambalo kinga yake imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Mwili huiona stenti kuwa kitu kigeni, na damu huweza kuganda ndani yake ghafla, hasa katika siku 30 za mwanzo. Mshipa uliofunguliwa huziba wote kwa mara moja, na wengi wanaofikwa na hali hiyo hufariki. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, azinywe pamoja kwa muda wa miezi 6 hadi 12 kadiri atakavyoagizwa, kisha mara nyingi huendelea na moja.

Uchukuliwe mfano wa mgonjwa wa Kata ya Kifanya, katika Halmashauri ya Mji wa Njombe. Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako pekee ni zaidi ya kilometa 600, na bado safari ya Njombe na Kifanya iko mbele yake. Akifika nyumbani hana maumivu, kidonda cha mkononi kimepona, shamba linamngoja. Vidonge vikimalizika mwezi wa pili, ni rahisi kujiona mzima na kuahirisha kununua vingine. Hapo ndipo penye hatari. Vidonge vihesabiwe mapema, na vingine vitafutwe Njombe au Makambako kabla vya kwanza havijaisha.

Aidha, anayekwenda kung'olewa jino au kupasuliwa amweleze mganga kuwa ana stenti, wala asikubali kusimamishiwa dawa kabla daktari wa moyo hajaulizwa. Akiona choo cheusi au damu isiyokatika, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiache dawa kwa uamuzi wake, kwani daktari aweza kumbadilishia au kumwongezea ya kulinda tumbo.

Maumivu ya kifua yakirudi, pamoja na jasho jembamba au pumzi kubana, asingoje asubuhi wala basi la kesho. Apelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, akiwa na karatasi yake ya kuruhusiwa, inayoonyesha tarehe ya kuwekewa stenti, mshipa uliotibiwa na dawa anazotumia. Karatasi hiyo ihifadhiwe mahali ambapo watu wote wa nyumbani wanapajua.