Gari Kuukuu: Tulitengeneze au Tulibadilishe?

Ndugu Waislamu, gari la familia ni neema, na kila neema ina hesabu yake. Ijumaa hii tumeona vyema tulitazame swali linalozishughulisha nyumba nyingi za Sumbawanga: gari likizeeka, litengenezwe au libadilishwe?

Kwanza tuzingatie mazingira yetu. Barabara ya Tunduma, iliyosumbua kwa vumbi na matope, sasa ni ya lami. Lakini anayeshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kuelekea Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, hukabiliwa na mteremko mkali. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na waliomo garini ni wake na watoto wetu.

Basi tusilihukumu gari kwa umri wake. Pedi za breki, shokapu, springi, bushi na klachi ni vitu vya kuchakaa. Huondolewa, vikawekwa vipya. Injini ikitoa moshi wa bluu inaunguza oili. Fundi apime mgandamizo kwanza, kwani huenda kilichokwisha ni ringi au sili za valvu tu. Ama kutu ikishakula chesisi, kiraka hakirudishi uimara wake. Hapo tuachane nalo.

Pili, tuandike gharama za matengenezo ya miezi 12 iliyopita na zile ambazo fundi anazitarajia, kisha tuzilinganishe na gharama kamili ya gari jingine. Gari lililotumika kutoka Japani lina bei yake, nauli ya meli, ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaopanda gari linapokuwa kuukuu. Kisha kuna safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Nalo pia limekwishatumika.

Tatu, tusibadilishe gari kwa kushindana na jirani, wala tusijitumbukize katika mkopo wa riba. Lakini kuahirisha breki mbovu ili kubana matumizi ni kuihini amana.

Na tukiuza, tumweleze mnunuzi aibu zote za gari. Anayeficha breki mbovu hachukui fedha tu. Anamtuma mwenzake mteremkoni asijue.

Tunamuomba Allah atujaalie uadilifu katika mali na usalama katika safari zetu. Amin.