Gome Latolewa, Mti Wabaki Hai: Funzo Kutoka kwa Mafundi wa Buganda

Ukivuka mpaka wa Busia na kufika katika maduka ya sanaa jijini Kampala, utaona mikoba, kofia, majalada ya vitabu na picha zilizochorwa juu ya kitambaa chenye rangi ya udongo mwekundu. Kitambaa hicho hakikufumwa. Ni gome la mti.

Mti huo ni mutuba, wa jamii moja na mkuyu, na humea pia hapa magharibi mwa Kenya. Kwa karne nyingi, mafundi wa ukoo wa Ngonge wameutumia kutengeneza vazi la Kabaka na watu wake. Nguo za pamba zilizoletwa na wafanyabiashara Waarabu katika karne ya 19 zilififisha kazi hiyo, lakini haikufa. Mwaka wa 2008 iliingia katika orodha ya UNESCO ya turathi za utamaduni.

Hutengenezwaje?

Gome huvunwa msimu wa mvua. Fundi hukwangua ganda kavu la nje, hukata mduara juu na chini ya shina, hupasua mstari mmoja wa wima, kisha hulibandua taratibu. Baada ya kulainishwa kwa moto, gome hupondwa juu ya gogo kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kubwa kwanza, nyembamba baadaye, mpaka litanuke na kuwa laini. Kazi hufanyiwa kwenye banda ili lisikauke mapema. Mwisho huanikwa juani.

Kwa nini mti haufi?

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi kwenye mizizi kupitia gome. Mti ukibanduliwa kuuzunguka, mizizi hukosa chakula, na miti mingi hufa. Fundi wa mutuba huacha utando mwembamba unaotengeneza gome jipya, kisha papo hapo hufunga shina kwa majani ya mgomba ili lisikauke. Gome hurudi, na mti huvunwa tena kwa miaka mingi.

Linatuhusu vipi?

Mwiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana, hubanduliwa gome kwa ajili ya dawa, na mara nyingi huachwa ukifa. Mwananchi, usidhani kwamba majani ya mgomba yataokoa kila mti. Mutuba una uwezo wa pekee wa kujiponya. Kumbuka pia kwamba gome ni zao la msitu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakataza kulitoa katika misitu ya umma bila kibali.

Aliye na shamba anaweza kupanda mutuba kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini mvua zinapoanza. Utampa ua hai na kivuli kwa migomba na kahawa. Na akipata fundi wa kumfunza, utampa pia kitambaa cha kuuza bila kuangusha hata mti mmoja.